Mwongozo kamili kwa mwendesha mashtaka: namna ya kumshirikisha mwathirika kabla ya makubaliano ya kukiri kosa

Malalamiko ya waathirika wa uhalifu kuhusu makubaliano ya kukiri kosa, yaani mapatano ambayo mshtakiwa anakiri kosa ili apunguziwe shtaka au adhabu, hufanana popote yanapotolewa. Mwathirika amefika mahakamani akiwa amejiandaa kutoa ushahidi, anamkuta mshtakiwa anakiri kosa dogo kuliko lile alilotendewa, na mwendesha mashtaka anamweleza yote hayo nje ya mlango kwa dakika tatu huku hakimu akikaribia kuingia. Mwendesha mashtaka huyo, kwa nia njema kabisa, ataandika kwenye jalada kwamba mwathirika ameshirikishwa.

Alichofanya ni kutoa taarifa. Kushirikisha maana yake ni kumsikiliza mtu wakati maneno yake bado yanaweza kubadilisha pendekezo lako, na wakati huo hupita mapema kuliko wengi wetu tunavyodhani: hupita pale unapomtajia wakili wa utetezi masharti ambayo hutaweza tena kuyarudisha nyuma bila kuonekana umevunja ahadi. Karibu kila kosa linaloelezwa hapa chini linatokana na kuchelewa huko.

Mwongozo huu ni wa mwendesha mashtaka anayeshika jalada mwenyewe. Una hatua nane. Hatua ya nne na ya tano ndizo zinazoharibika zaidi, kwa hiyo nimezipa nafasi kubwa kuliko nyingine.

## Mambo ya kuandaa kabla ya kuanza

Sheria inayokubana, ikiwa imesomwa upya. Usitegemee kumbukumbu, kwa sababu nchi hutofautiana. Nchini Kenya, kifungu cha 137D cha Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai kinamtaka mwendesha mashtaka, isipokuwa mazingira hayaruhusu, ampe mwathirika au wakili wake nafasi ya kutoa maoni kuhusu yaliyomo katika makubaliano. Kifungu cha 105A cha sheria ya Afrika Kusini kinataka mlalamikaji apewe nafasi hiyo inapowezekana, pamoja na kusema lolote kuhusu fidia. Marekebisho ya sheria ya Tanzania ya mwaka 2019 yanazungumzia kushauriana na mwathirika au mpelelezi pale mazingira yanaporuhusu. Sheria ya shirikisho ya Marekani ya mwaka 2004 inampa mwathirika haki ya kushauriana na mwendesha mashtaka na haki ya kusikilizwa mahakamani wakati wa kukiri kosa, na mwaka 2015 iliongezwa haki ya kuarifiwa kwa wakati kuhusu makubaliano yoyote ya aina hiyo.

Jina la mwenye idhini. Fahamu ni nani ofisini anayeweza kuidhinisha kupunguzwa kwa shtaka, na huchukua muda gani.

Jalada kamili na tathmini yako ya ushahidi, ikiwemo sehemu dhaifu.

Njia salama ya kumpata mwathirika, iliyothibitishwa naye mwenyewe.

Mtu wa pili wa kukaa nawe katika mazungumzo. Anaweza kuwa mpelelezi, afisa ustawi wa jamii au mfanyakazi mwingine wa ofisi. Mwathirika akisema jambo jipya linalogusa ushahidi, mtu huyo ndiye atakayeweza kulithibitisha mahakamani. Ukiwa peke yako, unaweza kujikuta umegeuka shahidi katika kesi unayoiendesha.

Mkalimani asiye ndugu wala jirani wa mwathirika, kama lugha inahitaji. Mtoto asifanywe mkalimani wa mzazi wake katika jambo hili, hata kama ndiye anayeifahamu lugha ya mahakama kuliko wote nyumbani.

Karatasi ya kumbukumbu yenye nafasi ya tarehe, saa, njia ya mawasiliano, waliokuwepo, ulichoeleza, alichosema na ulichobadilisha. Nafasi hiyo ya mwisho ndiyo itakayokuonyesha kama kweli ulisikiliza.

## Hatua ya 1: Hakikisha kosa lenyewe linaweza kujadiliwa

Sheria nyingine huyaondoa makosa fulani kabisa katika utaratibu huu. Kenya imeyatoa makosa yaliyo chini ya Sheria ya Makosa ya Kujamiiana, pamoja na mauaji ya kimbari, uhalifu wa kivita na uhalifu dhidi ya binadamu. Tanzania nayo imezuia makubaliano katika makosa ya kujamiiana yenye adhabu inayozidi miaka mitano au yanayomhusu mtu aliye chini ya miaka 18.

Sababu ya kuanza hapa ni kwamba mwathirika ukishamfungulia mlango wa mazungumzo, akaumia upya kwa kusimulia na kupima, kisha ukarudi kumwambia kwamba sheria haikuruhusu tangu mwanzo, utakuwa umempotezea imani ambayo utaihitaji siku ya ushahidi.

Dalili ya kufanikiwa: umeandika kwenye jalada kifungu kinachokuruhusu na jina la atakayeidhinisha.

## Hatua ya 2: Mtafute mapema, kabla hujatamka masharti yoyote

Wakati mzuri ni pale mashtaka yanapofunguliwa. Mweleze mapema kwamba kesi huweza kumalizika kwa mshtakiwa kukiri kosa bila mashahidi kuitwa, na kwamba jambo hilo ni la kawaida. Katika mahakama za shirikisho za Marekani zaidi ya asilimia 90 ya watu wanaotiwa hatiani huwa wamekiri wenyewe. Mtu aliyesikia habari hii miezi sita kabla huipokea tofauti kabisa na yule anayeisikia siku ambayo alidhani ataapishwa.

Katika mawasiliano haya ya kwanza uliza mambo mawili ya usalama. La kwanza, ni namba gani au anwani gani ambayo hakuna mwingine anayeisoma. La pili, ni saa ngapi anaweza kuzungumza bila kusikilizwa. Kama mshtakiwa ni mume, mke, mzazi au mpangaji wa nyumba hiyohiyo, barua yenye nembo ya ofisi ya mashtaka inaweza kumletea kipigo. Usiache ujumbe wa maelezo kwenye simu wala kumwagiza mtoto au jirani.

Asipopatikana, jaribu zaidi ya mara moja na kwa njia tofauti, kupitia simu, mpelelezi, na taarifa zilizo katika maelezo yake ya polisi, na uandike kila jaribio. "Mwathirika hapatikani" isiyo na tarehe wala njia ni sentensi isiyomsaidia mtu yeyote, na hakimu makini ataiuliza.

Idadi kubwa ya waathirika haikuondolei wajibu huu. Baada ya mlipuko wa kiwanda cha kusafisha mafuta cha BP huko Texas City tarehe 23 Machi 2005, uliowaua watu 15 na kujeruhi zaidi ya 170, serikali ya Marekani ilijadili makubaliano ya kukiri kosa bila kuwaarifu waathirika kwanza, ikitaja wingi wao na hofu ya kelele za vyombo vya habari. Mwaka 2008 mahakama ya rufaa, ingawa haikuyafuta makubaliano hayo papo hapo, ilisema kwamba ilipasa kutafutwa njia ya kuwaarifu na kuyajua maoni yao kabla ya makubaliano kufikiwa. Kwa kundi kubwa, itisha mkutano, tumia barua moja iliyo wazi, au omba wachague wawakilishi, lakini acha mlango wazi kwa yule anayetaka kusema peke yake.

Onyo: usimwambie mwathirika asubiri ilhali jambo limekwisha kuamuliwa. Mwaka 2019 jaji wa shirikisho huko Florida aliamua kwamba haki za waathirika wa Jeffrey Epstein, tajiri wa Marekani aliyetuhumiwa kuwadhulumu wasichana kingono, zilikiukwa, kwa kuwa waendesha mashtaka waliingia makubaliano ya kutomshtaki bila kushauriana nao, na baada ya makubaliano kusainiwa waathirika bado walitumiwa barua za kuwataka wawe na subira. Baadaye mahakama ya rufaa ilikataa dai lao kwa hoja kwamba sheria haikuwapa njia ya kufungua shauri lao wenyewe kabla ya mashtaka ya shirikisho kufunguliwa, lakini majaji hao hawakuisifu kazi iliyofanyika.

Dalili ya kufanikiwa: mwathirika anajua jina lako, anajua namna ya kukupata, na amewahi kusikia kutoka kwako maneno "kukiri kosa" kabla wakili wa utetezi hajapokea pendekezo lolote.

## Hatua ya 3: Andika ukurasa mmoja wa maelezo

Kabla ya kukutana naye, andika katika ukurasa mmoja: mashtaka yaliyopo, adhabu ya juu kisheria, adhabu ambayo mahakama huitoa kwa kawaida kwa kosa la aina hiyo, pendekezo unalolifikiria, na sababu zako. Tenganisha adhabu ya juu na ile inayotarajiwa, kwa maana mwathirika anayetajiwa kifungo cha miaka 30 peke yake ataona miaka sita kama zawadi kwa mshtakiwa, hata kama miaka sita ndiyo ambayo hakimu angeitoa baada ya kesi nzima.

Kisha soma ukurasa huo kwa sauti. Kila neno ambalo mtu asiyesoma sheria angeliuliza maana yake, libadilishe.

Onyo: usiweke humo yale waliyosema mashahidi wengine. Mazungumzo yakivunjika, mwathirika atapanda kizimbani cha mashahidi, na swali la kwanza la wakili wa utetezi litakuwa nani alimsimulia. Unaweza kusema "kuna udhaifu katika utambuzi wa mshtakiwa" bila kueleza nani alisema nini.

## Hatua ya 4: Mazungumzo yenyewe

Fanya ana kwa ana inapowezekana, katika chumba chenye mlango unaofungwa, si katika korido ya mahakama ambako ndugu wa mshtakiwa wanapita. Tenga saa nzima, na kama mwathirika anataka kuja na mtu wake wa karibu ambaye si shahidi, mruhusu.

### Anza kwa kueleza wewe ni nani

Waathirika wengi huamini kwamba mwendesha mashtaka ni wakili wao. Usiporekebisha imani hiyo mwanzoni, kila uamuzi utakaofuata utaonekana kama usaliti. Maneno ya aina hii yanatosha:

"Mimi ndiye ninayeiendesha kesi hii kwa niaba ya umma. Siyo wakili wako binafsi, na unaweza kuwa na wakili wako ukipenda. Uamuzi wa mwisho kuhusu makubaliano ni wa ofisi yetu, na mahakama ndiyo itakayoamua kuyakubali au kuyakataa. Lakini sijaamua bado, na ninachotaka kukisikia leo kinaweza kubadilisha nitakachopendekeza."

Sentensi ya mwisho iseme pale tu inapokuwa kweli. Kama umeshaamua, mwambie ukweli huo na uombe radhi. Mtu huyo atagundua, na aibu ya kugunduliwa ni kubwa kuliko ya kukiri.

Hapo pia ndipo pa kueleza mpaka wa usiri. Kama sheria ya nchi yako inakulazimisha kumkabidhi mshtakiwa taarifa zinazoweza kumsaidia, kama ilivyo Marekani tangu hukumu ya Brady dhidi ya Maryland ya mwaka 1963, basi mwambie mwathirika kabla hajafungua kinywa kwamba akieleza tukio kwa namna iliyo tofauti na maelezo yake ya awali, huenda ukalazimika kulitoa. Kuahidi siri usiyoweza kuitunza ni kumdanganya, hata kama nia yako ilikuwa kumtuliza.

### Msikilize kabla ya kumweleza

Hapa ndipo wengi tunapoteleza. Tunaanza kwa kufafanua pendekezo, tunatumia dakika 40, kisha tunauliza, "Una maoni gani?" Mtu aliyekwisha kuona kwamba mtaalamu ana jibu lake atasema "sawa tu," na sisi tunaandika kwamba amekubali.

Geuza mpangilio. Uliza kwanza, na uulize maswali yenye kushikika:

- Tangu siku ile, ni jambo gani katika maisha yako lililobadilika?
- Unamwogopa mshtakiwa au mtu wa upande wake? Kwa sababu ya jambo gani hasa?
- Umepoteza nini, na una risiti, hati za hospitali au ushahidi mwingine wa gharama?
- Kuna jambo ambalo ungependa mshtakiwa alikiri kwa kinywa chake?
- Unalionaje suala la wewe kutoa ushahidi na kuhojiwa na wakili wake?

Usiulize "unataka afungwe miaka mingapi?" kama swali la kwanza. Swali hilo humfunga mtu kwenye namba, na namba hiyo ndiyo atakayoitumia kupima kila jambo baadaye, ilhali mahitaji yake halisi huenda ni mshtakiwa ahame mtaa, gharama za matibabu zilipwe, na watu waache kusema kwamba alijitungia.

Usiogope kimya. Mtu akinyamaza baada ya swali, hesabu taratibu hadi kumi kabla ya kuongeza neno. Mara nyingi jibu lenye uzito hutoka hapo.

### Sasa eleza pendekezo, pamoja na udhaifu wake

Tumia ule ukurasa wako. Eleza kinachotoka, kinachobaki na sababu. Tuseme shtaka la wizi wa kutumia nguvu linapunguzwa kuwa wizi na shambulio, kwa kuwa silaha haikupatikana na utambuzi ulifanyika gizani. Mwambie: "Ninaamini ulichosema. Swali lililo mbele yangu ni kama mahakama inaweza kuthibitishiwa bila kuacha shaka ya msingi, na katika sehemu ya silaha naona hatari ya kushindwa." Mtu asipoambiwa sababu huunda ya kwake, na aghalabu ataamini kwamba hakuaminiwa au kwamba kuna aliyepokea fedha.

Eleza kwa haki pande zote mbili. Kesi ikisikilizwa inaweza kuchukua muda mrefu, inaweza kwenda rufaa, na mshtakiwa anaweza kuachiwa. Vilevile anaweza kutiwa hatiani kwa kosa kubwa. Usimtishe mwathirika kwa mahojiano ya wakili wa utetezi ili aone makubaliano ni ahueni. Hilo ni shinikizo, na linabaki shinikizo hata likisemwa kwa sauti ya upole.

Onyo kuhusu fedha: usiunganishe fidia na ushahidi wake. Kauli kama "ukikubali utalipwa, ukikataa utakosa" itageuzwa na utetezi kuwa hoja kwamba shahidi ana bei. Sema kwamba fidia ni suala linaloweza kuombwa katika makubaliano au baada ya hukumu, kulingana na sheria, na uiache hapo.

Dalili ya kufanikiwa: anaweza kukueleza kwa maneno yake mwenyewe ni nini kinapendekezwa, kwa nini, na nani ataamua. Mwombe afanye hivyo kabla hamjaagana. Asipoweza, kosa ni la maelezo yako na inakubidi urudie.

## Hatua ya 5: Yapeleke maoni yake mezani

Baada ya mazungumzo, kaa na karatasi yako na ujiulize ni lipi kati ya aliyoyasema linaweza kuwa sharti. Miaka ya kifungo ni sehemu moja tu ya makubaliano, na mara nyingi ndiyo sehemu ngumu zaidi kuisogeza. Kuna sehemu nyingine nne ambazo hazikugharimu sana katika majadiliano lakini kwa mwathirika zina uzito mkubwa.

Maelezo ya tukio yatakayosomwa mahakamani. Utetezi hupenda maelezo mafupi yaliyofifishwa: "palitokea ugomvi, mlalamikaji akajeruhiwa." Mwathirika anayesikia hivyo anaondoka akiwa ameumizwa mara ya pili, hata kama kifungo ni kirefu. Simamia maelezo yanayosema nani alimfanyia nani nini. Kwa maoni yangu hili ndilo jambo ambalo mwendesha mashtaka hulitoa kirahisi kuliko yote, na ndilo ambalo hakupaswa kulitoa.

Fidia, hasa ya mashtaka yanayoondolewa. Hapa pana shimo. Mashtaka matano yenye waathirika watano yakipunguzwa kuwa mawili, watatu wanaweza kubaki bila chochote. Nchini Marekani, Mahakama ya Juu iliamua mwaka 1990, katika kesi ya Hughey, kwamba amri ya fidia chini ya sheria iliyokuwepo ilihusu hasara ya kosa lililotiwa hatiani pekee. Njia iliyopo ni kuandika ndani ya makubaliano kwamba mshtakiwa anakubali kuwalipa na wale wa mashtaka yaliyoondolewa. Chunguza sheria yako inasemaje, na kama inaruhusu, andika majina, kiasi, na tarehe ya malipo.

Masharti ya kutomkaribia na kutowasiliana. Taja maeneo, simu, mitandao ya kijamii na kutumia watu wengine kufikisha ujumbe. "Asimsumbue mlalamikaji" ni maneno mapana mno kusimamiwa na askari yeyote.

Nafasi ya mwathirika kusema kabla ya adhabu. Usikubali kifungu kinachomzuia kutoa kauli yake ya athari za uhalifu pale sheria inapompa nafasi hiyo. Si yako kuiuza.

Kuna pia namna ya kukiri yenyewe. Mahali pengine mshtakiwa anaweza kukubali kutiwa hatiani huku akishikilia kwamba hakutenda kosa; Marekani ilikubali jambo hilo katika hukumu ya Alford ya mwaka 1970. Kama ofisi yako inafikiria njia ya aina hiyo, mwathirika anapaswa kuijua kabla, kwa sababu kwa wengi neno "nilifanya" ndilo walilokuwa wakilingojea.

Onyo: usimfikishie wakili wa utetezi maneno ya mwathirika kama yalivyo, wala hofu zake, wala alivyosema kwamba amechoka na anataka kesi iishe, isipokuwa yale ambayo sheria inakulazimisha kuyatoa. Peleka masharti. Ukisema "mlalamikaji wangu hataki kuja mahakamani," umetupa silaha yako mwenyewe, na huenda umemweka katika hatari ya kushawishiwa na ndugu wa mshtakiwa.

Dalili ya kufanikiwa: katika karatasi yako ya kumbukumbu kuna angalau sharti moja lililoingia au kuboreshwa kwa sababu ya alichosema mwathirika, au kuna sababu iliyoandikwa kwa nini halikuwezekana.

## Hatua ya 6: Rudi kwake na rasimu kabla ya kusaini

Makubaliano hubadilika mezani, na yale uliyomweleza wiki mbili zilizopita yanaweza kuwa hayapo. Rudi kwake na masharti ya sasa, mpe muda wa kuyatafakari, walau siku moja kama tarehe ya mahakama inaruhusu, na usimwombe asaini popote kwamba amekubali. Saini hiyo humfanya ajione ndiye aliyemwachia mshtakiwa, na kwa familia zinazoishi karibu na familia ya mshtakiwa inaweza kumtwika lawama isiyo yake.

Akipinga, mambo matatu yafanyike. Kwanza msikilize mpaka mwisho bila kujitetea. Pili pima upya kwa dhati: je, ameleta taarifa au hoja ambayo hukuwa nayo? Tatu, kama msimamo wako haujabadilika, mweleze sababu, mwambie anaweza kuzungumza na msimamizi wako, na mweleze kama sheria inamruhusu kuieleza mahakama pingamizi lake. Kisha wewe mwenyewe uijulishe mahakama kwamba mwathirika hakubaliani. Kulificha pingamizi hilo kunaiondolea mahakama jambo ambalo huenda ingehitaji kulipima.

Vilevile yupo mwathirika anayetaka adhabu ndogo kuliko unayopendekeza, au anayeomba kesi ifutwe. Maoni hayo yana uzito uleule, lakini kabla ya kuyafuata chunguza kama ametishwa, amelipwa au anamtegemea mshtakiwa kwa chakula na kodi ya nyumba. Zungumza naye akiwa peke yake, mbali na ndugu waliomsindikiza.

### Watoto na familia za marehemu

Kwa mtoto, zungumza na mlezi asiye na mgongano wa maslahi. Mama anayeendelea kuishi na mshtakiwa huenda si mtu sahihi. Mtoto mwenye umri wa kuelewa naye aulizwe anachokihofia, kwa lugha yake na mbele ya mtu aliyezoea kazi hiyo. Familia ya marehemu inaweza kugawanyika, mjane akisema hivi na kaka wa marehemu akisema vile. Usichague upande wala kutafuta msemaji mmoja kwa urahisi wako. Andika kila maoni na aliyeyatoa.

## Hatua ya 7: Siku ya mahakama

Mwarifu tarehe, chumba na saa mapema, na mweleze kitakachotokea kwa mpangilio: mshtakiwa atasomewa shtaka, ataulizwa kama anakiri kwa hiari, maelezo ya tukio yatasomwa, na hakimu anaweza kuyakataa makubaliano. Mtu asiyejua kwamba hakimu anaweza kukataa ataondoka akidhani umemdanganya.

Mkalishe mbali na ndugu wa mshtakiwa, na panga atatokea mlango gani. Kama atatoa kauli yake, aisome kabla nyumbani, na ajue kwamba anaruhusiwa kusimama, kulia, kunywa maji, au kuomba mtu mwingine amsomee pale mahakama inaporuhusu. Unaweza kumsaidia kuhusu mpangilio na muda, lakini maneno yaache yawe yake.

Dalili ya kufanikiwa: hakuna lolote lililosomwa mahakamani siku hiyo ambalo analisikia kwa mara ya kwanza.

## Hatua ya 8: Baada ya kukiri

Zungumza naye kabla hajaondoka katika jengo la mahakama, hata kwa dakika kumi, kisha mtumie barua kwa ile anwani salama. Barua iseme kosa lililokiriwa, adhabu iliyotolewa au tarehe ya kutolewa kwake, masharti ya kutomkaribia kama yalivyoandikwa, kiasi cha fidia na ofisi inayokusanya, na namba ya kupiga endapo mshtakiwa atavunja sharti. Kama adhabu ni kifungo, eleza kwamba muda halisi unaweza kupungua kwa misamaha au kuachiwa kwa masharti, na mwandikishe katika utaratibu wa kuarifiwa kuachiwa kwa mfungwa pale unapokuwepo.

Fidia ndiyo inayosahaulika zaidi. Weka tarehe ya malipo ya kwanza katika kalenda yako mwenyewe, na siku hiyo ipigie ofisi ya mahakama kuuliza kama yameingia. Yasipoingia, anza hatua za utekelezaji na umjulishe mwathirika siku hiyohiyo ni nini kimefanyika, kisha uambatishe karatasi ya kumbukumbu kwenye jalada kabla ya kulipeleka masijala.